Gasketi ya hedi wakati wa ovahoo: maswali tunayoulizwa kila mara gerejini Arusha

Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linaloziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini wenye silinda). Ovahoo ni kuifungua injini na kuifanyia ukarabati mkubwa. Ukurasa huu ni wa mwenye gari ambaye injini yake imeshafunguliwa au inakaribia kufunguliwa, na ni wa vijana wanaojifunza ufundi pia. Magari tunayoyazungumzia ni yaleyale yanayojaa barabara ya Arusha kwenda Moshi: IST, Probox, Noah, Hiace za abiria, na Land Cruiser na Land Rover za watalii. Majibu mengi hapa yanarudi kwenye jambo moja tunalolisisitiza kwa kila mteja: gasketi hununuliwa baada ya vipimo. Anayenunua kwanza halafu akapima baadaye, mara nyingi hununua mara mbili.

Nitajuaje kuwa ni gasketi kweli na siyo kitu kingine?

Dalili zinajulikana: maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, mpira wa maji wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, moshi mweupe wenye mvuke hauishi hata injini ikipata moto, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini gari kuchemsha peke yake si ushahidi. Mfuniko wa rejeta uliochoka, themostati iliyoganda, feni isiyovuta na pampu ya maji iliyolika mapanga vyote vinachemsha gari.

Kabla ya kufungua hedi, mwombe fundi apime gesi kwenye maji. Kuna kifaa kinachowekwa mdomoni mwa rejeta kikiwa na dawa ya bluu. Gesi ya injini ikipita, dawa hubadilika rangi; kwa injini ya petroli hugeuka njano. Kipimo hiki ni cha dakika chache na kinaweza kukuokolea kazi ya siku nzima.

Mbona huku kwetu gasketi zinaungua sana?

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzijoto 95. Moshi iko chini kidogo, maji huchemka karibu 97. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha hiyo inashikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa 0.9 ba (ba ni kipimo cha presha) unasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzijoto 116 hapa Arusha. Ukichoka, kinga yote imeondoka, na huku juu unabaki na nafasi ndogo kuliko mtu wa Dar es Salaam au Tanga.

Ya pili ni milima. Gari lililobeba abiria na mizigo likipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, au kutoka Himo kwenda Marangu, injini inafanya kazi nzito kwa mwendo mdogo na upepo wa kupoza rejeta ni mchache. Hapo ndipo udhaifu wowote wa mfumo wa maji hujitokeza.

Ya tatu ni maji yenyewe. Maji ya ukanda wa Meru yana floridi na madini mengine mengi, na watu wanajaza rejeta kwa maji ya bomba mwaka baada ya mwaka. Madini hujenga ukoko kwenye njia za maji, na bila kulanti (maji maalumu ya rejeta) yenye dawa ya kuzuia kutu, alumini ya hedi huliwa taratibu kuzunguka matundu ya maji, mahali hasa ambapo gasketi inatakiwa kuziba. Tumeshika hedi ambazo ukingo wa tundu la maji umeliwa hadi karibu na duara la silinda. Hedi ya namna hiyo haitibiki kwa gasketi ya bei yoyote. Inahitaji kujazwa kwa kuchomelewa na kusagwa upya, au kubadilishwa.

Fundi ameniambia nikanunue gasketi ya Noah. Si inatosha kusema hivyo dukani?

Haitoshi. Noah ya zamani inaweza kuwa na injini ya 3S-FE, ya baadaye ina 1AZ-FSE, na hizo hazina undugu wowote upande wa gasketi. Hiace ndiyo usiseme: 1RZ, 2L, 3L, 5L, 1KZ, 2KD. Isitoshe, magari mengi hapa yamebadilishwa injini, kwa hiyo hata kadi ya gari haikupi uhakika.

Soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, siyo stika ya kwenye boneti. Kisha tafuta namba ya spea. Kwa Toyota, namba ya gasketi ya hedi huanza na 11115. Seti nzima ya gasketi za ovahoo huanza na 04111, na seti ya juu, ile ya kazi ya hedi na valvu, huanza na 04112. Ukienda dukani na namba kamili, mazungumzo yanakuwa mafupi na muuzaji hawezi kukupa "inayofanana".

Na beba ile ya zamani. Ilaze juu ya mpya pale kaunta, matundu yaangaliane moja baada ya jingine. Muuzaji mzuri hatakukataza.

Tupime nini kabla ya kwenda dukani?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mteja aliulize, basi tutalijibu kwa kirefu.

Anza na hedi. Ikishasafishwa, igeuze uilaze juu ya mbao, uso unaokaa kwenye bloku ukiangalia juu. Chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli, ile ya kupimia, siyo kipande cha fremu ya dirisha. Iweke kwa ubavu kwenye mistari sita: pembeni mbili za urefu, ncha mbili za upana, na mishazari miwili. Katika kila mstari jaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini ya rula. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota zenye hedi ya alumini, kikomo ni milimita 0.05. Fila ya 0.05 ikipita kwa urahisi mahali popote, hasa kati ya silinda ya pili na ya tatu ambako joto hukusanyika, hedi hiyo inakwenda kusagwa. Injini kubwa za dizeli zina vikomo vyake. Tazama kitabu cha injini husika.

Halafu pima bloku kwa njia hiyohiyo. Hapa ndipo mafundi wengi hupunguza kazi. Hedi inapelekwa mashine, inarudi inang'aa, na inafungwa juu ya bloku ambayo hakuna aliyeipima. Baada ya miezi michache gasketi inakata palepale ilipokata mwanzo, na lawama inaenda kwa muuza spea.

Hedi ipimwe ufa pia. Karakana za mashine, nyingi zikiwa maeneo ya viwandani kama Unga Limited, huziba njia za maji, hupuliza hewa ya presha na kuizamisha hedi kwenye maji ya moto. Mapovu yakitoka, ufa umeonekana. Fanya hivi kabla ya kununua chochote. Hedi ya alumini iliyochemka kupita kiasi hupoteza pia ugumu wake, ikawa laini kiasi kwamba ukingo wa gasketi unajichimbia ndani yake. Ukiona alama ya duara la silinda imezama kwenye hedi kiasi cha kukwama kucha, mwambie fundi wa mashine apime ugumu kabla hajasaga.

Mwisho, pima kipenyo cha silinda, na kwa dizeli pima pistoni inavyochomoza. Majibu ya hayo mawili yako chini.

Gasketi ya zamani tuitupe?

Usiitupe hadi gari limetembea. Inaeleza kilichotokea. Mstari mweusi wa masizi unaovuka kutoka duara la silinda moja kwenda jingine unaonyesha kompresheni (presha ya ndani ya silinda) ilikuwa inahamia silinda jirani. Angalia kupinda kwa hedi au bloku hapo katikati. Masizi yanayoelekea tundu la maji yanaeleza mapovu uliyoyaona kwenye rejeta. Michirizi ya kutu inayotoka tundu la maji kwenda ndani ya silinda inaeleza ule moshi mweupe, na mara nyingi pistoni ya silinda hiyo utaikuta imeoshwa safi kuliko wenzake. Na kama duara la chuma limepasuka na kuyeyuka vipande, huenda tatizo lilianzia kwenye mwako: injini ilikuwa inagonga (mafuta yanawaka vibaya kwa mlio wa kugonga) kwa taimingi mbaya au mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo. Ukiweka gasketi mpya bila kushughulikia hilo, itakufa kifo kilekile.

Kuna aina ngapi, na ipi ni bora?

Utakazokutana nazo sokoni kwetu ni mbili hasa.

Ya kwanza ni ya mchanganyiko: bamba jembamba la chuma katikati, limefunikwa pande zote kwa grafiti au nyuzi zilizogandishwa, na kila silinda imezungushiwa pete ya chuma. Ni laini, ukiibonyeza kwa kucha inaacha alama. Inasamehe uso usio laini sana. Injini za miaka ya 1980 na 1990 zilizaliwa na aina hii.

Ya pili ni ya chuma ya tabaka nyingi. Bamba tatu, nne au tano za chuma cha springi zimeshikwa pamoja kwa riveti ndogo, zina mikunjo iliyochapwa kuzunguka kila tundu, na zimepakwa utando mwembamba wa mpira. Mikunjo ile hufanya kazi ya springi: hedi ikiinuka kidogo sana kwa nguvu ya mwako, bamba hufuata na kuendelea kuziba. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa, kwa hiyo hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma huwa inatambaa kila gari linapopata moto na kupoa. Tabaka za chuma zinavumilia mtambao huo vizuri. Ya mchanganyiko huchanika taratibu.

Kwa hiyo ya chuma ni bora? Ndiyo, ikipewa uso inaoutaka. Inahitaji uso laini sana, Ra (kipimo cha mikwaruzo ya uso) ya mikromita 0.8 au chini yake. Ya mchanganyiko inaridhika hata na 1.5 hadi 2.5. Hedi iliyosagwa kwa jiwe kuukuu, yenye mistari unayoihisi ukipitisha kucha, ukiiwekea gasketi ya chuma itavuja maji tangu siku ya kwanza, kwa sababu ule utando wa mpira ni mwembamba mno kujaza mifereji hiyo.

Ushauri wetu: kama injini ilitoka kiwandani na gasketi ya chuma, irudishie ya chuma. Usikubali kushushwa kwenye mchanganyiko kwa sababu ya bei. Kama ilitoka na ya mchanganyiko, na karakana unayoitegemea haiwezi kukuhakikishia ulaini wa uso, baki na ya mchanganyiko yenye ubora. Kupanda kwenda ya chuma kunafaa pale tu hedi na bloku zote mbili zimesagwa na mashine nzuri. Kuna pia gasketi za shaba tupu, lakini hizo ni za magari ya mashindano.

Hedi imeshaskimiwa (imesagwa uso). Ninunue gasketi nene zaidi?

Inategemea imeondolewa kiasi gani, kwa hiyo mdai fundi wa mashine akuandikie: urefu wa hedi kabla na baada. Kitabu cha injini kina urefu wa chini kabisa unaoruhusiwa, na baadhi ya hedi za kisasa hazitakiwi kusagwa kabisa.

Tuchukue 1NZ-FE, injini ya IST na Probox nyingi. Kipenyo cha silinda ni milimita 75, mwendo wa pistoni 84.7, uwiano wa kompresheni 10.5 kwa 1. Nafasi yote inayobaki juu ya pistoni ikiwa imefika kileleni ni takriban sentimita za ujazo 39.4. Kila milimita 0.1 ya unene wa gasketi ni karibu sentimita za ujazo 0.44. Kwa hiyo hedi ikipunguzwa milimita 0.3, kompresheni inaweza kupanda hadi karibu 10.8. Ukiweka gasketi iliyozidi unene kwa kiasi hichohicho, unarudi karibu na pale ulipokuwa. Na ukiweka gasketi nene ya 0.3 kwenye hedi ambayo haijasagwa, unashuka hadi 10.2, gari linakuwa zito na linakula mafuta bila sababu.

Chini ya milimita 0.1 hatuhangaiki, tunatumia unene wa kawaida. Kuanzia 0.2 kwenda juu tunatafuta ya kurekebisha unene, kama ipo kwa injini hiyo. Kamwe usipange gasketi mbili moja juu ya nyingine. Tumeona ikifanywa, na haizibi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo watu hulisahau. Hewa ya Arusha ni nyepesi, kwa hiyo injini iliyopandishwa kompresheni inaweza isigonge kabisa ukiijaribu Njiro au Sakina. Siku mwenye gari anashuka Tanga, hewa inakuwa nzito, silinda zinajaa zaidi, na injini inaanza kugonga akiwa safarini na familia. Usiipime injini kwa hewa ya hapa peke yake.

Gari langu ni la dizeli. Nimeambiwa gasketi zina herufi au vitobo. Vina maana gani?

Vina maana ya unene, na kwa dizeli hili si la kubahatisha. Kwenye injini nyingi za dizeli pistoni ikifika kileleni huchomoza juu ya uso wa bloku, na nafasi kati yake na hedi ni ndogo sana. Gasketi nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugusa hedi au valvu. Nene kupita kiasi, kompresheni inashuka, na asubuhi za baridi za Juni na Julai injini inasumbua kuwaka na kutoa moshi.

Toyota 2L na 3L wana unene wa aina tatu, herufi B, D na F zikiwa zimechapwa kwenye gasketi. Land Rover 300Tdi hutumia vitobo pembeni: kimoja, viwili au vitatu, vikimaanisha milimita 1.3, 1.4 na 1.5. Arusha yetu, mji uliofanya tamasha kubwa la Land Rover mwaka 2024, ina kila sababu ya kujua hili kwa moyo. Injini nyingine hutumia mikato midogo ukingoni.

Kupima ni hivi. Safisha juu ya pistoni na uso wa bloku. Weka geji ya mshale yenye kitako cha sumaku kwenye bloku, ipeleke sifuri, kisha isogeze juu ya pistoni. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) taratibu mpaka mshale ufike juu kabisa na uanze kurudi. Namba ile ya juu ndiyo yako. Pima sehemu mbili kwa kila pistoni, kwa mstari wa pini yake, ili kuyumba kwa pistoni kusikudanganye. Fanya kwa silinda zote. Kinachochagua gasketi ni kipimo kikubwa kuliko vyote, siyo wastani. Kisha linganisha na jedwali la kitabu cha injini hiyo.

Kama hujagusa pistoni, konrodi (mkono wa pistoni) wala uso wa bloku, unaweza kurudisha alama ileile ya gasketi ya kiwandani. Lakini kwenye ovahoo kamili, ambako pistoni ni mpya na pengine bloku imesagwa, alama ya zamani haina kazi tena. Bloku ikisagwa, pistoni inachomoza zaidi, na aliyekuwa B anaweza kuhamia D au F. Duka likikuambia lina moja tu, hilo ni tatizo la duka. Agiza Dar au Nairobi usubiri.

Tumechonga silinda na kuweka pistoni za 0.50, yaani zilizozidi kipenyo cha kawaida kwa milimita 0.50. Gasketi ya kawaida itafaa?

Mara nyingi inafaa, kwa sababu duara la gasketi huwa limezidi kipenyo cha silinda kwa kiasi fulani. Lakini usiamini, pima. Weka gasketi juu ya bloku iliyochongwa, ipangilie kwa pini zake, na uangalie kila silinda pande zote. Ukingo wa chuma ukichungulia ndani ya silinda hata kidogo, utapata moto mwekundu, utawasha mafuta kabla ya wakati na kuungua. Kwa pistoni za 1.00 ongeza umakini maradufu.

Nitatambuaje orijino na feki?

Maboksi yanaigwa vizuri siku hizi, kwa hiyo toa gasketi nje. Ya chuma iliyotengenezwa vizuri ina kingo safi zisizo na vinyweleo, riveti zimekaa sawa, mikunjo ina kimo kimoja kuzunguka kila silinda, na utando wa mpira hauna madoa wala mapengo. Hesabu tabaka ulinganishe na ya zamani. Kwenye ya mchanganyiko, pete za chuma ziwe zimekunjwa sawasawa bila mawimbi, na grafiti isimeguke ukiipinda kidogo sana.

Orijino siyo lazima iwe ya boksi la mtengenezaji wa gari. Elring na Victor Reinz za Ujerumani, Nippon Leakless na Ishikawa Gasket za Japani, ni viwanda vyenye jina kwenye kazi hii. Tunachokikataa ni boksi lisilo na namba ya spea wala jina la kiwanda, lililoandikwa "Japan quality" na basi. Dai risiti yenye namba ya spea. Anayekataa kuiandika, mwachie.

Nimepata iliyotolewa kwenye injini ya mtumba, bado nzima. Niitumie?

Hapana. Imeshabanwa mara moja, na haibaniki tena sawasawa.

Nipake gamu ya silikoni kwa usalama zaidi?

Hapana, isipokuwa kitabu kimesema weka tone mahali fulani, kwa mfano pale kava la mnyororo wa taimingi linapokutana na bloku. Gamu kwenye gasketi ya hedi huifanya iteleze, hubadilisha unene, na vipande vyake hukatika vikaenda kuziba njia ya oili. Gasketi ya chuma ina utando wake tayari. Wengine hupaka grisi au rangi ya fedha kutoka kopo, acha. Uso mkavu, safi, uliofutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ndio unaotakiwa.

Matundu ya maji ya gasketi ni madogo kuliko ya bloku. Nimepewa mbovu?

La, ndivyo ilivyokusudiwa. Gasketi inapima maji: inabana mbele karibu na pampu ili maji yafike silinda za nyuma kwanza. Ukiyapanua kwa drili, silinda ya mwisho itapata maji machache na itachemka. Kuna hata matundu kwenye bloku ambayo gasketi huyaziba kabisa. Cha kuangalia ni upande: neno TOP au UP liangalie juu, alama ya mbele ielekee kwenye mkanda au mnyororo, na tundu la oili liwe wazi. Ukiigeuza, tundu la oili linaweza kuzibwa na kamshafti (shafti inayosukuma valvu) ikakauka ndani ya dakika chache.

Bolti za hedi zibadilishwe?

Kama bolti za injini hukazwa kwa torki (nguvu ya kukaza inayopimwa) na kisha kwa digrii za kuzungushwa, tunashauri mpya. Bolti hizo zimetengenezwa kuvutika. 1NZ-FE na 4A-FE, kwa mfano, hukazwa newtoni mita 29, halafu digrii 90, halafu digrii 90 nyingine. Kitabu kinaruhusu kuzirudia endapo zimepimwa na hazijavutika kupita kikomo, lakini bei ya bolti ukilinganisha na ya kufungua tena injini haina mjadala.

Safisha matundu ya bolti hadi chini. Oili au maji yakibaki kwenye tundu lisilo na mlango wa chini, bolti ikikazwa inayabana na bloku inaweza kupasuka. Paka oili kidogo kwenye nyuzi za bolti na chini ya kichwa chake tu. Anza kukaza katikati ukielekea pembeni kwa mpangilio wa kitabu, na tia alama ya rangi kwenye kila kichwa ili digrii zionekane kwa macho. Spana ya torki ni lazima. Fundi anayesema mkono wake unajua, mshukuru na utafute mwingine.

Wenye injini za AZ zenye bloku ya alumini, kama 1AZ-FSE na 2AZ-FE kwenye Noah, RAV4, Alphard na Harrier, mwangalieni fundi anapofungua bolti za nyuma. Nyuzi za bloku upande ule zina historia ya kung'oka zikatoka na bolti. Hapo gasketi haina kosa lolote. Tiba ni kuchonga tundu na kuweka nyuzi za chuma za kudumu, na kama moja imeng'oka, tunashauri zote zifanyiwe.

Kusafisha uso tutumie msasa?

Msasa wa kuzunguka kwa drili tunaukataza kabisa gerejini kwetu. Unachimba mabonde yasiyoonekana kwa macho, na chembe zake ngumu huingia kwenye oili zikala beringi. Tumia kikwangua cha plastiki, dawa ya kulainisha gasketi, na uvumilivu. Gasketi za injini kuukuu sana zinaweza kuwa na asbesto: zilowanishe kabla ya kukwangua, usipulize vumbi lake kwa kompresa, na watoto wasikae karibu.

Fundi anataka kuitoa themostati ili gari lisichemshe tena.

Mkatalie. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina valvu ya pili inayofunga njia ya mkato ikishafunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta. Nunua mpya pamoja na mfuniko mpya wa rejeta wa presha iliyoandikwa na kiwanda. Vyote viwili ni sehemu ndogo tu ya gharama ya ovahoo.

Wageni wanaingia hifadhini keshokutwa. Siwezi kuweka dawa ya kuziba kwanza?

Dawa ya kumwaga kwenye rejeta haitofautishi tundu bovu na zima. Inaziba mirija ya rejeta na ya hita, na gari likichemka katikati ya Ngorongoro au Serengeti hedi inayoweza kusagwa leo itakuwa ya kutupa. Kodi gari jingine kwa safari hiyo. Tunajua msimu ni mfupi na kila siku ina thamani, lakini abiria wako hawapaswi kukaa porini wakisubiri kuvutwa.

Baada ya kufunga, bolti zikazwe tena?

Kwa gasketi ya chuma na bolti za digrii, hapana, usiziguse. Baadhi ya injini za zamani zenye gasketi ya mchanganyiko hutaka kukazwa tena baada ya kupata moto au baada ya kilomita fulani za kwanza. Fuata kitabu cha injini yako.

Kwa zote, jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo ili hewa itoke. Washa, fungua hita hadi mwisho, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, acha ipoe kabisa, kisha angalia kiwango cha maji na uongeze. Wiki ya kwanza kagua maji na oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na usipande Karatu ukiwa na mzigo mpaka umeona kiwango cha maji hakishuki.